Mzee wa Kaptula na Mwalimu Aliyemfungulia Mlango

Mwezi wa Januari 2004, watoto wa Kenya walipokuwa wakirejea madarasani baada ya mapumziko ya mwisho wa mwaka, Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, iliyo kando ya mji wa Eldoret, iliandikisha katika darasa la kwanza mwanafunzi mwenye mvi, aliyevaa sare kamili kama wenziwe wote, kaptula na soksi ndefu zilizofika magotini, begi la vitabu begani na mkongojo mkononi. Jina lake lilikuwa Kimani Maruge. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, lakini kwa hesabu yake mwenyewe alizaliwa mwaka 1920, na kwa hesabu hiyo alikuwa na umri wa miaka 84. Alikuwa na wajukuu wapatao 30, na wawili kati yao walikuwa wanafunzi wa shule ileile, tena katika madarasa yaliyo juu ya lake. Hivyo yule aliyekuwa babu nyumbani, akifika shuleni aligeuka kuwa mdogo wa wajukuu zake, na sijasikia kwamba jambo hilo lilimwondolea heshima hata chembe.

Mzee Maruge alikulia katika zama za ukoloni bila ya kuonja elimu ya shule, na katika utu uzima wake alikuwa miongoni mwa wapiganaji wa Mau Mau. Serikali ya wakoloni ikaondoka, bendera ikapandishwa mwaka 1963, watoto wakazaliwa na wajukuu wakafuata, naye akaendelea kuishi katika nchi iliyojaa maandishi kama mtu aishivyo katika nyumba yenye vyumba vilivyofungwa. Alipoulizwa kwa nini anataka kusoma katika umri ule, alitaja mambo mawili. La kwanza, alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na shaka kama mhubiri aliyemsikiliza alikuwa akiifuata sawasawa. Na la pili, alikuwa amesikia kwamba huenda wapigania uhuru wakalipwa fidia, naye alitaka ajue kuhesabu fedha zake zitakapofika.

Nazipenda sana sababu hizi mbili, kwa kuwa hazikupambwa. Watu wanaosifiwa kwa ajili ya azma aghalabu huvikwa maneno makubwa ambayo wao wenyewe hawakuyasema, wakafanywa kana kwamba waliamka asubuhi moja wakiwa na nia ya kuwa mfano kwa walimwengu. Mzee huyu hakutaka kuwa mfano wa mtu yeyote. Alikuwa amechoka kusomewa na kuhesabiwa na watu wengine, na alihofu kudanganywa. Na hofu ya kudanganywa, kwa mtu asiyejua kusoma, ni hofu ya haki kabisa, maana kila karatasi anayotia dole gumba huitia kwa kumwamini mtu mwingine.

Fursa yake ilitokana na tangazo la serikali. Mwai Kibaki aliapishwa kuwa Rais mwishoni mwa Desemba 2002, na mwezi uliofuata ada ikafutwa katika shule za msingi, elimu ikatangazwa kuwa ni ya bure kwa wote. Watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa na nafasi wakamiminika shuleni. Wengi waliolisikia neno lile «wote» walilifasiri kuwa ni watoto wote, na bila shaka ndivyo walivyokusudia walioliandika; lakini Mzee Maruge alilichukua kama lilivyotamkwa, akajiona naye yumo. Alipofika shuleni mara ya kwanza hakupokewa. Kwa watu wa rika lake palikuwa na masomo ya ngumbaru, ambayo nchini Kenya ndiyo njia iliyozoeleka ya kumfundisha mtu mzima, na wengi waliona kwamba huko ndiko stahili yake. Yeye akarudi tena kubisha hodi.

Hapa ndipo ninapotaka kutua kidogo, kwa sababu naona kwamba katika habari hii sifa zimegawanywa kwa mizani isiyo sawa. Kila aliyeisikia anamjua aliyebisha, ilhali ni wachache wanaomkumbuka aliyefungua. Mwalimu mkuu wa Kapkenduiyo, Bi Jane Obinchu, ndiye aliyekubali kumwandikisha. Na ili tupime uzito wa hisani yake yafaa tuzikumbuke shule za wakati ule zilivyokuwa. Tangazo la elimu ya bure lilileta watoto kabla ya kuleta madawati. Katika shule nyingi darasa moja lilibeba wanafunzi 80 na zaidi, wakabanana kwenye benchi na kusoma kitabu kimoja watu watatu wanne. Mtu mwenye akili timamu angeweza kusema, wala asiwe na roho mbaya, kwamba kiti anachokalia mzee wa miaka 84 ni kiti cha mtoto ambaye ana maisha yake yote mbele, na ya kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mimi mwenyewe, lau ningekuwa nimeketi katika ofisi ile, nikiwa na rejista iliyofurika mbele yangu, sina yakini kwamba nisingemwelekeza mzee kwa adabu kwenye darasa la ngumbaru, kisha nikaendelea na kazi zangu nikiwa na dhamiri tulivu.

Naye Bi Obinchu angeweza kufanya vivyo hivyo bila ya kulaumiwa na mtu. Kanuni isiyomtaja mtu kama Maruge haimkatazi wala haimruhusu. Humwacha mikononi mwa yule aliyeketi mezani siku hiyo, na huyo asipokuwa na moyo, subira ya mwombaji haimfikishi mbali. Mwalimu alimpokea, akampa mahali pa kuketi, akamfundisha kama anavyofundishwa mtoto yeyote wa darasa la kwanza.

Kumfundisha mtu wa namna hiyo si sawa na kumfundisha mtoto wa miaka sita, ingawa silabi ni zilezile. Vidole vilivyoshika jembe kwa miaka 70 huikamata kalamu kana kwamba ni mpini, na mkono mzima hukaza hadi kiwiko. Mzee huyu, fauka ya hayo, alikuwa na uzito wa kusikia, hivyo ilimpasa awe karibu na mwalimu. Hesabu, kwa upande mwingine, mtu mzima huwa anazijua kabla ya kufundishwa, kwani amenunua na kuuza maisha yake yote. Lililo geni kwake ni alama zinazoandikwa, si maarifa yenyewe. Hata neno likishasomwa, mtoto mara nyingi hulitamka asijue maana yake, ilhali mzee huijua maana tangu zamani, naye huliona neno kama mtu anayekutana ana kwa ana na rafiki aliyekuwa akimsikia sauti tu. Tanzania ililifahamu jambo hili mapema, Mwalimu Nyerere alipoufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Lakini huko watu wazima walisoma pamoja na watu wazima, na aibu ikagawanyika. Maruge aliibeba yake peke yake, katikati ya vitukuu vya watu.

Sifa zilizofuata zinajulikana. Jina lake liliingia katika kitabu cha Guinness kama mtu mzee kupita wote aliyewahi kuanza elimu ya msingi. Mwaka 2005 wanafunzi wa Kapkenduiyo walipata kiranja mkuu mwenye umri kupita walimu wao wote, na Septemba ya mwaka huohuo mzee alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaenda New York, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa, kuzungumza juu ya elimu ya msingi ya bure. Baada ya kufa kwake filamu ilitengenezwa, nayo ikakolezwa chumvi kama filamu zinavyokolezwa.

Ninaloliona mimi kuwa kubwa kuliko safari ya New York lilitokea baada ya kelele za sifa kupungua. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulizaa machafuko yaliyoua watu zaidi ya 1,000, na Eldoret ni miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya. Mali ya Mzee Maruge iliibwa, naye akajikuta katika kambi ya wakimbizi wa ndani, anaishi hemani. Kambi ile ilikuwa umbali wa kilomita 4 kutoka shuleni. Alikuwa na udhuru wa kila namna, wa uzee, wa msiba na wa umaskini, wala hapana binadamu ambaye angemhesabia dhambi lau angeziweka kalamu chini. Lakini aliendelea kwenda darasani. Mwezi wa Juni 2008 alihamia Nairobi katika makao ya wazee, na siku chache baada ya kufika akaandikishwa darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura, Kariobangi. Maana yake ni kwamba huko nako alikuwako mtu mezani, mwenye rejista yake, aliyekubali.

Mwaka 2009 alibatizwa, akaitwa Stephen. Saratani ya tumbo ilimchukua tarehe 14 Agosti mwaka huo, kabla hajaufikia mtihani wa darasa la nane, akazikwa Subukia.

Mwaka uliofuata, huko Ndalat, katika Bonde la Ufa, mama mmoja mkunga, Priscilla Sitienei, ambaye watu walimwita Gogo, yaani bibi kwa Kikalenjin, alikwenda kuomba nafasi shuleni akiwa na umri unaokaribia miaka 90. Alitaka kusoma Biblia, na alitaka pia kuandika elimu ya ukunga na ya miti shamba aliyoibeba kichwani kwa zaidi ya nusu karne, isije ikafukiwa pamoja naye. Shule ilimkataa kwanza, kisha ikamkubali. Akapewa sare na kitanda bwenini. Miongoni mwa watoto waliokaa naye darasani walikuwamo aliowazalisha mwenyewe. Mikono yake ndiyo iliyowashika mwanzo kabisa walipokuja duniani, na sasa mikono ileile ilikuwa ikijifunza kuandika pamoja nao. Alifariki Novemba 2022, akiwa na miaka 99, hali bado ni mwanafunzi.