TUSAFISHE MAGURUDUMU BILA KUYACHUBUA

Leo tunaanza na kosa letu wenyewe.

Ofisi ilitupatia pikipiki ya kutembelea madarasa ya kisomo vijijini. Siku moja tulitakiwa kwenda kwenye sherehe ya wanakisomo waliohitimu. Pikipiki ilikuwa imejaa tope mpaka rimu hazionekani. Tukaona aibu kufika mbele ya wanakijiji na chombo kichafu namna ile.

Basi tukaenda mtoni. Tukachota mchanga. Tukachukua na ule waya wa kusugulia masufuria. Tukasugua rimu na spoki kwa nguvu zetu zote. Tope likatoka, na rimu zikang'aa kama shilingi mpya. Wenzetu wakatusifu kweli kweli.

Masika hayajaisha, tukaona vidoa vya kahawia kwenye rimu. Tukasugua tena. Vidoa vikarudi, tena vingi zaidi. Mwaka haujaisha, tuko njiani tumebeba boksi la vitabu na mwenzetu mmoja nyuma, tukasikia "ta! ta!" Spoki tatu zimekatika. Bahati yetu tulikuwa tunapanda mlima polepole. Kama tungekuwa tunateremka mbio, huenda makala hii isingeandikwa.

Fundi alipolitazama gurudumu akauliza, "Nani amewaharibia hivi?"

Tukajibu, "Hakuna, fundi. Sisi tunaosha tu kila wiki."

Akatikisa kichwa. "Hamkuosha, ndugu zangu. Mmechubua."

Neno hilo ndilo tunalotaka kuwaelezeni leo. Siku hizi pikipiki zimeingia vijijini kwa wingi. Vijana wengi wamezipata kwa mkopo. Baiskeli bado tunazo, na wengine wana gari dogo la kubebea mazao. Vyombo hivi vyote vinasimama juu ya magurudumu. Kuosha ni jambo jema. Lakini tukiosha vibaya, tunaharibu mali tuliyoitafuta kwa jasho, na tunahatarisha maisha.

GURUDUMU LINA NGOZI

Tazama mkono wako. Ngozi inazuia uchafu usiingie mwilini. Ukichubuka, kidonda huanza hapo. Gurudumu nalo ni hivyo hivyo. Chuma kina adui wawili wanaofanya kazi pamoja, maji na hewa. Vikikutana juu ya chuma kitupu, kutu inaanza. Kutu ni chuma kilicholiwa. Chuma hicho hakirudi tena.

Kwa sababu hiyo watengenezaji hukivika chuma ngozi. Ngozi hiyo ni nyembamba sana. Ule mng'aro wa rimu za pikipiki na baiskeli nyingi ni kromu. Kromu hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake mara nyingi kuna nikeli, ambayo nayo ni nyembamba. Sasa fikiri: unachukua mchanga, unasugua kila Jumamosi. Kitabaki nini? Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo. Kromu wala si gogo. Haihitaji bandu nyingi.

Mkwaruzo ukishafika kwenye chuma, maji yanapita humo. Kutu huanzia chini na kuinua kromu iliyobaki, ikabanduka kama ganda. Spoki zikiliwa na kutu hupungua unene. Siku ya mzigo mzito au shimo kubwa, zinakatika.

TUJUE RIMU ZETU

Kabla ya kuosha tujue tunaosha nini. Rimu ziko za aina tatu hasa.

Ya kwanza ni rimu ya chuma iliyopakwa kromu. Inang'aa kama kioo.

Ya pili ni rimu ya chuma iliyopakwa rangi. Magari mengi ya mizigo yana rimu hizi. Ngozi yake ni rangi.

Ya tatu ni rimu ya aluminiamu. Magari madogo mengi yanazo, na pikipiki zile zisizo na spoki. Aluminiamu haioti kutu nyekundu. Lakini ikichubuliwa na kukaa na chumvi, huota unga mweupe na kufanya vishimo. Juu yake mara nyingi kuna rangi, au utando unaopenya mwanga kama kioo.

Utazitambuaje? Chukua sumaku ndogo, hata ya spika mbovu ya redio. Iguse kwenye rimu. Ikinasa, hicho ni chuma. Isiponasa, hiyo yaelekea ni aluminiamu.

VITU VINAVYOKULA GURUDUMU

Mchanga, msasa na waya wa masufuria tumekwisha visema. Viko vingine.

Magadi na majivu. Akina mama wanaujua ukweli huu jikoni. Ukipikia magadi kwenye sufuria ya aluminiamu, sufuria inakuwa nyeusi. Magadi yanaila aluminiamu. Rimu ya aluminiamu ni ndugu yake sufuria hiyo. Usiioshe kwa magadi, wala maji ya majivu, wala sabuni kali ya unga iliyokolezwa.

Ndimu na maji ya betri. Wako watu wanaoondoa kutu kwa ndimu, na wengine kwa maji ya betri. Ati kutu inatoka upesi! Ni kweli inatoka, lakini asidi haichagui. Ikimaliza kutu inaendelea na chuma. Tena maji ya betri yanaunguza ngozi na kupofusha macho. Tusiyaguse kabisa kwa kazi hii.

Chumvi. Chumvi huharakisha kutu sana. Wenzetu wa pwani wanalijua hilo. Hata bara, aliyebeba samaki wa chumvi, samadi au mbolea ya chumvichumvi amebeba chumvi. Maji yake yanadondokea gurudumu. Asingoje Jumamosi. Aoshe siku hiyo hiyo.

Mafuta ya taa, petroli na dizeli. Vinatoa grisi, lakini vinaharibu mpira wa tairi, na vinawaka moto. Oili chafu ni vile vile. Inaharibu mpira, inashika vumbi, na si nzuri kwa ngozi zetu.

NAMNA YA KUOSHA

Andaa ndoo mbili za maji, kitambaa laini, brashi laini na mswaki wa zamani. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa. Kama haipo, yeyusha kipande kidogo cha sabuni ya kawaida. Sasa fuata hatua hizi.

1. Ngoja gurudumu lipoe. Breki zikitumika sana zinapata moto mkali. Maji baridi ya ghafla yanaweza kupindisha diski ya breki. Osha kivulini, asubuhi au jioni. Juani sabuni inakaukia kwenye rimu na kuacha madoa.

2. Mwagia maji kwanza, bila kusugua. Loweka tope mpaka lilainike, kisha limwage. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tope ni udongo na mchanga. Ukipitisha kitambaa juu ya tope kavu, umeshika msasa mkononi.

3. Usipulize vumbi la breki. Vumbi lile jeusi ni la raba za breki na chuma. Breki za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huumiza mapafu. Liloweshe kwa maji, kisha lifute.

4. Sugua polepole kwa sabuni. Anzia juu kushuka chini. Kwenye spoki na nati zake tumia mswaki. Suuza kitambaa kwenye ndoo ya pili kila mara, ili mchanga ubaki humo. Kitambaa cha magurudumu kisitumike kwenye bodi ya gari au tangi la pikipiki. Mchanga wake utachora mistari.

5. Suuza kwa maji safi mpaka sabuni yote iishe.

6. Kausha kwa kitambaa kikavu. Hatua hii tunairuka sana. Tunasema jua litakausha. Lakini maji yanajificha kwenye mizizi ya spoki na kwenye ukingo wa rimu, na kutu huanzia hapo.

7. Jaribu breki kabla ya kwenda mbali. Breki iliyolowa haishiki vizuri. Endesha polepole, kamata breki mara kadhaa mpaka ikauke na kushika kama kawaida.

KUKINGA BAADA YA KUOSHA

Kinga ni bora kuliko tiba. Rimu ikisha kauka, paka nta ya magari inayouzwa madukani, kidogo tu, kisha ing'arishe kwa kitambaa. Nta inafanya maji yateleze na tope lisishike.

Asiye na nta achukue tone la oili safi kwenye kitambaa, apitishe kwenye spoki za chuma na rimu ya kromu, kisha afute kwa kitambaa kingine mpaka pasidondoke kitu.

LAKINI SIKILIZENI VIZURI HAPA. Oili, grisi na nta visiguse breki hata kidogo. Kwenye gari, visifike kwenye diski. Kwenye pikipiki, visiingie ndani ya ngoma ya breki. Kwenye baiskeli, visipakwe mahali ambapo raba ya breki inagusa rimu. Breki yenye oili haishiki. Rimu inayong'aa haitakusaidia mtoto akikatiza barabara mbele yako.

KUTU IKISHA INGIA

Usikate tamaa, na wala usikimbilie waya. Kama ni vidoa vidogo juu ya kromu, chukua foili, ile karatasi ya kung'aa ya kufungia vyakula. Ikunje, ichovye majini, sugua doa taratibu. Foili ni aluminiamu, nayo ni laini kuliko kromu. Inaondoa kutu, haichubui kromu. Kausha, kisha paka nta au oili, ukikumbuka onyo la breki.

Kama ni rimu ya chuma ya rangi, kwangua pale penye kutu tu kwa msasa laini. Futa vumbi, paka rangi ya kuzuia kutu, ikikauka paka rangi ya juu. Usipake rangi wala grisi pale nati za gurudumu zinapokaza. Rangi nene hapo inaweza kufanya nati zilegee njiani, na gurudumu likachomoka.

Kwenye spoki, gonga moja moja kwa kipande cha chuma. Spoki iliyokaza inalia vizuri. Iliyolegea inatoa sauti nzito. Spoki iliyolegea, iliyokatika au iliyoliwa sana na kutu ni kazi ya fundi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Bei ya spoki moja ni ndogo. Mguu uliovunjika ni gharama kubwa.

TUSIOSHEE MTONI

Kosa letu la pili siku ile lilikuwa kuoshea mtoni. Chini yetu akina mama walikuwa wanachota maji ya kunywa. Oili na sabuni zetu zilikwenda kwenye ndoo zao. Hatukufikiri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania inataka shughuli za namna hiyo, zinazoweza kuharibu mazingira, zikae mbali na mto au ziwa, si chini ya mita 60. Tena anayesimama ndani ya maji yenye konokono wa kichocho anaweza kuambukizwa. Chota maji, peleka chombo mbali, oshea penye majani au changarawe. Ndoo chache zinatosha pikipiki.

Pikipiki yetu tulibadilishiwa spoki zote za gurudumu la nyuma. Rimu yenyewe ilibaki na makovu, na kila tukiiosha tunayaona. Siku hizi tunakwenda kwenye sherehe na chombo safi, lakini hatutafuti tena ule mng'aro wa shilingi mpya. Tunatosheka tope likitoka na ngozi ikabaki.

Wewe unayesoma ukurasa huu, msomee na kijana wako mwenye bodaboda. Jumamosi ijayo muoshe pamoja.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini rimu iliyosuguliwa kwa mchanga inang'aa mwanzoni, halafu inaota kutu upesi?

2. Utatambuaje rimu ya chuma na rimu ya aluminiamu?

3. Ni sehemu gani za gurudumu ambazo hazitakiwi kuguswa na oili? Kwa nini?

4. Katika kijiji chenu, vyombo vya usafiri vinaoshewa wapi? Mnaweza kufanya nini ili maji ya kunywa yasichafuliwe?