Malengelenge ya Mashua: Wosia kwa Mnunuzi na kwa Mwuzaji

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wahenga waliotuachia methali hiyo walikuwa na vyombo vya mbao mbele ya macho yao, na mbao haijui kuficha sana: ikioza, kisu huingia, ikipasuka, maji huonekana, na fundi huziba kwa kukalafati. Lakini tangu miaka ya 1940 mafundi wa Marekani walianza kuunda mashua kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa utomvu wa kiwandani uitwao polisteri. Vyombo hivyo, ambavyo watu huviita vya faiba, vya tanga na vya mota, vimeenea duniani kote, na Ziwa Kivu nalo limevipokea. Havina funza wala havioza kama mbao. Hata hivyo vina ugonjwa wao, na ugonjwa huo hukaa chini ya maji, mahali ambapo mnunuzi haoni.

Sisi wa Masisi ni watu wa milima, wa maharagwe, viazi na ng'ombe. Lakini nchi yetu hugusa ziwa kule Sake, kwenye ghuba ya Kabuno, na barabara ikiharibika au ikifungwa, maji ndiyo njia inayobaki. Basi si ajabu jamaa wachache wakichanga fedha zao ili wanunue mashua. Mpya haipatikani kwa kipato chao; watatafuta iliyokwisha kutumika. Kwa ajili ya watu kama hao tumeona yafaa kueleza habari ya malengelenge.

Yatoka wapi?

Mashua ya faiba ina ngozi ya nje, nyororo na yenye rangi, ambayo kwa kawaida unene wake haufiki milimita 1. Mafundi huiita jelikoti. Nyuma yake kuna tabaka za nyuzi na utomvu. Ngozi hiyo yaonekana kama haipenyeki, kumbe maji huipenya polepole sana, mwaka baada ya mwaka. Yakikuta ndani vitundu vidogo vyenye mabaki ya dawa zisizoshikamana vema siku ya kuunda, huyayeyusha. Mchanganyiko huo nao huvuta maji mengine kutoka nje. Msukumo huongezeka, ngozi huinuka, na lengelenge huzaliwa. Wataalamu huliita jambo hilo osmosi.

Wanafunzi waweza kuiona osmosi jikoni kwa mama. Kateni kiazi kibichi vipande viwili. Kimoja kitieni katika maji matupu, cha pili katika maji yenye chumvi nyingi, mkaviache saa kadhaa. Cha kwanza kitakuwa kigumu na kujaa; cha pili kitalegea. Maji huelekea pale palipo na mchanganyiko mzito zaidi. Ndiyo sababu maji baridi ya ziwani huleta malengelenge upesi kuliko maji ya bahari. Lita moja ya bahari ina kadiri ya gramu 35 za chumvi, lakini maji ya juu ya Ziwa Kivu yana kadiri ya gramu 1 tu. Tena, katika nchi za Ulaya mashua nyingi hutolewa majini wakati wa majira ya baridi, zikapata kukauka. Kwetu chombo huweza kukaa majini mwaka mzima bila kupumzika. Kwa hiyo mashua iliyokaa salama miaka mingi baharini isisadikiwe kuwa itakaa vivyo hivyo ziwani.

Jinsi ya kuichungua

Kwanza, chombo kitolewe majini, nawe ukitazame siku ile ile. Malengelenge mengine hupungua au kutoweka machoni baada ya siku chache za kukauka, ingawa ugonjwa umo bado. Mashua iliyokaa nchi kavu miezi mingi, tena ikapakwa rangi mpya juma lililopita, yapasa kuulizwa maswali zaidi, si machache.

Pili, usiitazame kwa kuikabili tu. Simama karibu na omo, uelekeze jicho lako kando ya ubavu mpaka tezi, asubuhi au jioni wakati jua limeinama, au kwa taa ya mkononi iliyolazwa ubavuni. Kila uvimbe utatoa kivuli chake. Hesabu malengelenge, uyapime kwa sarafu, ukaandike.

Tatu, gonga polepole kwa mpini wa nyundo. Palipo pazima hutoa sauti kavu na wazi. Tabaka zilipoachana, sauti huwa nzito na ya kufifia.

Nne, kwa ruhusa ya mwenye mali, fungua lengelenge moja au mawili. Ziba macho yako kwa miwani, maana maji ya ndani huweza kuruka kwa nguvu, nayo ni makali. Kama chini yake jelikoti ni nzima, ni rangi tu iliyoinuka, na hasara si kubwa. Kama yatoka maji ya kuteleza yenye harufu ya siki, ndiyo osmosi yenyewe. Na kama ndani waona nyuzi zilizo wazi, nyeupe, zikiachana tabaka kwa tabaka, hapo ugonjwa umeshika mwili, si ngozi.

Tujue kadiri ya jambo. Malengelenge ni nadra kuzamisha mashua. Machache madogo ni sababu ya kupunguza bei, si ya kukimbia. Mamia yaliyotapakaa, au tabaka zilizoachana, ni sababu ya kumshukuru mwuzaji na kurudi nyumbani na fedha zako. Tena usiyatazame malengelenge peke yake ukasahau usukani uliojaa maji, sitaha inayobonyea, shina la mlingoti na mahali mota inapofungwa. Mengi ya hayo ni hatari kuliko lengelenge.

Dawa yake

Kila lengelenge hufunguliwa na kukwanguliwa mpaka ifikiwe sehemu nzima. Fundi avae kinyago, kwa kuwa vumbi la nyuzi za kioo hudhuru mapafu. Kisha mashimo huoshwa kwa maji safi mara nyingi, kwa siku kadhaa, hata mabaki yale yatoke. Halafu hufuata kazi iliyo ngumu kwa watu wengi, nayo ni kungoja. Chombo hukaushwa majuma, pengine miezi. Kwetu mvua ni nyingi; yafaa kazi hiyo ifanyike kiangazi, kati ya Juni na Agosti, tena chini ya paa, upepo ukipita. Kikiisha kukauka kweli, mashimo huzibwa kwa lipu ya epoksi, utomvu unaozuia maji kuliko polisteri, na sehemu yote ya chini hupakwa epoksi mara tano au sita. Mwenye haraka anayeziba kabla ya kukauka amefungia maji ndani, na malengelenge yatarudi.

Gharama ya dawa hizo, ya fundi, ya paa na ya miezi ambayo mashua haileti kitu, yote yahesabiwe kabla ya kukubaliana bei. Atakayeihesabu baadaye ataihesabu kwa machozi.

Deni hujaza chombo

Hapa twamgeukia mwuzaji. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake kikuu cha elimu ya Mungu, aliuliza kama mwuzaji ana wajibu wa kutaja kasoro za kitu anachokiuza. Akajibu kwamba kasoro iliyofichika, yenye kuleta hatari au hasara, ni lazima itajwe. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, yaweza kunyamaziwa, mradi bei ipunguzwe kwa haki. Lengelenge lililofunikwa kwa rangi si jicho moja la farasi. Limefichwa kwa makusudi, nayo fedha iliyopatikana kwa njia hiyo ni mali ya mwingine. Mnunuzi naye asilikuze lengelenge dogo kwa maneno ili amnyang'anye mwenzake chombo chake, kisha aende akijisifu.

Mtu aweza kusema: hasara ya fedha ni hasara ya fedha, itapita. Sivyo katika mashua. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu walikufa maji mbele ya macho ya waliokuwa ufukoni. Haikuwa habari ya malengelenge. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi. Lakini tufikiri: ni mtu gani hujaribiwa kupakia kupita kiasi? Mara nyingi ni yule aliyekopa, akanunua, akagundua kwamba fundi anataka fedha nyingine ambazo hana. Hawezi kukitoa chombo majini miezi mitatu, kwa kuwa deni halingoji. Basi huongeza magunia mawili, na abiria watano, na kesho watano tena. Kasoro iliyofichwa siku ya mauzo hujilipiza kwa njia hiyo, juu ya watu wasioijua rangi wala bei, akina mama wanaokwenda sokoni na watoto wao mgongoni.

Kwa hiyo, ninyi mnaochanga fedha, acheni sehemu ya mchango kwa ajili ya matengenezo na makoti ya kuokolea, hata kama mtanunua chombo kidogo zaidi. Andikeni mapatano, mkitaja malengelenge mliyoyahesabu, mbele ya mashahidi. Na wewe unayeuza, mwonyeshe ndugu yako tumbo la mashua yako kabla hajafungua mfuko. Utapata fedha kidogo kuliko ulivyotumaini, lakini utaweza kuiona mashua ile ikipita imejaa watu, nawe usiwe na hofu moyoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na katika ziwa, kifo hicho huwapata wengine kwanza.