Jaketi la askari lilimwokoa fundi, likamwacha mkulima

Mkulima anayetegemea zao moja na mnunuzi mmoja hukaa roho juu. Wafugaji wa viwavi wa hariri nchini Japan wanalifahamu hilo. Mwaka 1929 kaya zipatazo milioni 2.2 za wakulima, yaani karibu mbili kati ya kila tano, zilifuga viwavi hao kwa majani ya miforosadi. Sehemu kubwa ya nyuzi iliuzwa Marekani, ambako zilitumika kutengeneza soksi ndefu za wanawake.

Soko hilo lilianguka kwa hatua. Kwanza, mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 uliporomosha bei. Mei 1940 soksi za nailoni zikaingia madukani kote Marekani. Julai 1941 Marekani ikazuia mali za Japan, na biashara ya hariri ikasimama. Wakati wa vita miforosadi mingi iling'olewa ili kupisha mazao ya chakula, na mashine nyingi za kufuma zikageuzwa chuma chakavu.

Mteja aja mlangoni

Vita vilipokwisha Agosti 1945, miji ya Kiryu na Ashikaga, iliyofuma hariri kwa karne nyingi, ilibaki na mafundi hodari wasio na soko. Wakati huo huo maelfu ya askari wa Marekani walikuwa kambini Japan, wakitafuta kumbukumbu ya kupeleka nyumbani.

Wafanyabiashara walichukua mtindo ambao askari hao waliujua, jaketi fupi la wachezaji wa besiboli, wakalidarizi tai, joka, chui milia au Mlima Fuji. Mgongoni waliweka jina la kambi au la nchi. Kampuni ya Kosho ya Tokyo ikawa msambazaji mkubwa wa maduka ya kambini. Baadaye jaketi hizo ziliitwa sukajan, kutokana na jina la Yokosuka, mji wenye kambi ya wanamaji wa Marekani.

Kazi yenyewe ilitaka mkono mzoefu. Sindano ya cherehani ya kudarizi huyumba kushoto na kulia, fundi akiongoza upana wa mshono kwa goti huku akizungusha kitambaa kwa mikono miwili. Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953, na baadaye vya Vietnam, viliongeza wanunuzi.

Thamani ya leo

Leo wakusanyaji hulipa mamia ya dola kwa jaketi moja la zamani, na zile adimu huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Kabla ya kununua, hukagua zipu, lebo na uchakavu wa kitambaa. Hutazama pia upande wa nyuma wa mshono, kwa kuwa kazi ya fundi haifanani kabisa kutoka ua moja hadi jingine. Jina la kambi na mwaka huongeza bei, kwa sababu humwezesha mnunuzi kujua jaketi lilitoka wapi na lini.

Jambo moja huwashangaza wengi: jaketi nyingi za miaka hiyo si za hariri. Hariri ilikuwa adimu na ghali, hivyo watengenezaji walitumia asetati, kitambaa cha kiwandani kinachong'aa vilevile. Fundi akapata kazi, mfugaji wa viwavi hakupata. Miaka ya karibuni kaya zinazofuga viwavi Japan zimebaki chini ya 200.

Kwa mkulima wa pamba wa Tanzania, ambaye zao lake kwa kiasi kikubwa huuzwa nje kabla ya kufumwa, hesabu hiyo inastahili kutazamwa. Mnunuzi wa malighafi akipata mbadala wa bei nafuu, huondoka. Mwenye ufundi huweza kubadili kitambaa na kuendelea. Hata hivyo ufundi nao hupotea usiporithishwa: huko Kiryu, wanaoweza kudarizi jaketi kwa mashine hizo za zamani sasa ni wachache, na wengi wao ni wazee.