Mbuzi Kwenye Gunia: Nyongeza za Michezo ya Video na Haki ya Mnunuzi

Katika nchi ya Hanang na Mbulu, mkoani Manyara, mtu anayekwenda mnadani kununua ng'ombe hamnunui kwa kusikia mlio wake. Humzunguka, humpapasa nundu, humfungua kinywa akamtazama meno, akamwendesha hatua kadhaa apate kuona kama hachechemei. Hapo ndipo bei inapozungumzwa. Huo ndio ustaarabu wa soko unaofahamika kwa wafugaji wa Dirma, na ndio huo huo unaofahamika kwa wanunuzi wa samaki wa Darajani huku kwetu Visiwani: kwanza macho, kisha mkono mfukoni.

Leo tunapenda kuuliza kama ustaarabu huo unafuatwa katika soko jipya lililoingia majumbani mwetu bila kupiga hodi, yaani soko la nyongeza za michezo ya video. Zamani mchezo wa aina hiyo uliuzwa ukiwa mzima. Mnunuzi alilipa mara moja, akapewa kaseti au sidii, akaondoka nayo. Siku hizi mchezo huuzwa, au hata kutolewa bure, na baada ya hapo vipande vyake huuzwa kimoja kimoja kwa njia ya intaneti: hadithi mpya, mavazi, silaha, wachezaji wa mpira, na sarafu za kubuni zinazopewa majina ya kuvutia kama vile almasi. Je, vipande hivyo vyastahili bei inayotozwa?

Msomaji wa Unguja au Pemba aweza kushangaa: Dirma, kata iliyo mbali na bahari, yatuhusu nini? Tumeichagua kwa makusudi. Mjini shilingi hupita mkononi upesi, na mara nyingi hatuoni imetoka wapi. Katika nchi ya wakulima wa mahindi na maharage, jasho lililomo ndani ya shilingi huonekana waziwazi. Bidhaa ikipimwa kwa jasho hilo na bado ikaonekana kuwa halali, basi ni halali kila mahali. Isitoshe, simu haibagui bara na visiwa. Kijana wa Dirma na kijana wa Wete hupewa bei zile zile na kampuni zile zile, na wote wawili hulipa kutoka katika mifuko myembamba.

Basi na tupime. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Tanzania Bara mwezi Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa kilimo shilingi 140,000 kwa mwezi. Tukigawanya kwa siku 26 za kazi, twapata takriban shilingi 5,385 kwa siku. Katika miaka ya karibuni dola moja ya Kimarekani imekuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 2,300. Nyongeza ya dola 20, ambayo si ya ajabu katika soko hilo, hufikia shilingi 46,000 kwa uchache. Hiyo ni jembe la siku nane na zaidi. Na bado hatujahesabu bando la intaneti, kwani nyongeza kubwa huweza kula gigabaiti nyingi kabla kijana hajabonyeza kitufe hata kimoja.

Hatusemi kwamba kila nyongeza ni wizi. Kusema hivyo kungekuwa kuwadhulumu mafundi wanaofanya kazi ya haki. Mwaka 1998 kampuni ya Blizzard iliutolea mchezo wake StarCraft nyongeza iitwayo Brood War, iliyouzwa ndani ya boksi lake, nayo ilipendwa na kuchezwa kwa miaka mingi. Mwaka 2016 kampuni ya CD Projekt Red ya Poland iliutolea mchezo wa The Witcher 3 nyongeza ya Blood and Wine, yenye nchi nzima mpya ya kutembelea na hadithi ya zaidi ya saa 20, kwa takriban dola 20. Mchezo wa awali ulikuwa umekwisha kukamilika. Aliyetosheka nao hakudaiwa kitu. Aliyetaka zaidi alipewa zaidi. Anayeweza kumudu bei hiyo hakuonewa.

Kinyume chake ni mfano uliokuwa kama mithali katika historia ya biashara hii. Mwezi Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza, katika mchezo wa Oblivion, vazi la chuma la kumvisha farasi, kwa bei iliyolingana na dola 2 na nusu. Farasi hakwenda mbali zaidi, wala hadithi haikuongezeka. Wachezaji walicheka na kukasirika. Hata hivyo biashara haikufa. Ilijifunza kwamba hata pambo tupu lina wanunuzi. Kwa kiwango cha sasa cha fedha zetu, vazi hilo la farasi asiyekula nyasi lingegharimu zaidi ya kutwa nzima ya kulima.

Sisi watu wa Visiwani tunao mchezo wetu wa kujipimia, nao ni bao. Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32, na kete zake ni 64. Mwenye kununua ubao na kete amenunua mchezo wote. Mzee aliyecheza kwa miaka arobaini na mtoto anayejifunza kunamua leo hukaa mbele ya mashimo yale yale, na anayeshinda hushinda kwa akili. Tuseme basi seremala mmoja aamue kuuza ubao wenye kete 60, akazitia nne zilizobaki katika mkoba wake, na kila jioni apite barazani akiziuza kwa anayekaribia kushindwa. Wazee wangemfukuza, na si kwa ubahili. Wangeona kwamba mtu huyo ameuharibu mchezo ili apate kuuza dawa yake.

Hapa ndipo ulipo mpaka wa haki. Nyongeza iliyotengenezwa juu ya mchezo uliokamilika ni bidhaa. Nyongeza iliyokatwa kutoka katika mchezo ili iuzwe baadaye, au iliyowekwa ili asiyelipa ateseke mpaka alipe, ni ulanguzi uliovaa nguo mpya.

Lakini lipo jambo baya kuliko hilo, nalo ni kuuza mbuzi kwenye gunia. Katika michezo mingi mteja hauziwi kitu anachokiona. Huuziwa pakiti iliyofungwa. Katika michezo ya mpira ya kampuni ya EA, utaratibu wa kujenga timu kwa kadi za wachezaji ulianza mwaka 2009, na pakiti za kadi hizo huweza kununuliwa kwa fedha halisi. Mnunuzi hutumaini kumpata mshambuliaji mashuhuri. Mara nyingi hupata majina asiyoyahitaji, akanunua tena. Mchezo wa mwaka mwingine ukitoka, kadi za mwaka uliopita hazihami naye; huanza upya. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika biashara hii haba na haba hukimaliza kibaba, na mwenye kibaba hana habari.

Nchi nyingine zimekwisha kuliona jambo hili. Japani ilipiga marufuku aina moja ya bahati nasibu hizo mwaka 2012. Uchina iliagiza, kuanzia Mei 2017, kwamba kampuni zitangaze uwezekano wa kupata kila kitu kilichomo katika pakiti, na mwaka 2019 ikaweka kikomo cha fedha ambazo watoto wanaweza kutumia kwa mwezi. Ubelgiji ilitamka mwezi Aprili 2018 kwamba baadhi ya pakiti hizo ni kamari chini ya sheria zake, na mwezi Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti za mchezo wake wa mpira. Nchini Marekani, mwezi Desemba 2022, kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya serikali kudai kwamba vitufe vya mchezo vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu, wakiwemo watoto, watozwe fedha bila kukusudia.

Jambo la tatu ni umiliki. Jembe likinunuliwa Katesh hubaki kuwa jembe mpaka livunjike, na mwenyewe aweza kumwazima jirani au kumrithisha mwanawe. Nyongeza ya mchezo aghalabu ni ruhusa tu, iliyofungwa katika akaunti ya mtu mmoja, na mtoa ruhusa aweza kuiondoa. Mwezi Machi 2023 kampuni ya Nintendo ilifunga maduka ya intaneti ya mashine zake za 3DS na Wii U. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft iliizima mitambo ya mchezo wa The Crew, na mchezo huo haukuchezeka tena hata kwa walioulipia. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2024 sheria ya kuwataka wauzaji wamweleze mnunuzi wazi kwamba anapewa kibali, hanunui mali. Huo ni ukweli mdogo tu, lakini mnunuzi wa Tanzania naye anastahili kuambiwa.

Watetezi wa biashara hii wana hoja, nayo si nyepesi. Husema kwamba kutengeneza mchezo mkubwa ni kazi ya mamia ya watu kwa miaka mingi, na kwamba wachache wanaolipia mapambo ndio wanaowawezesha wengi kucheza bure. Kwa hakika kijana asiye na uwezo wa kununua mashine ya bei kubwa leo anaweza kucheza eFootball au Free Fire katika simu bila kulipa senti. Hilo ni jema, nasi hatulikatai. Lakini wema wa kumlisha mgeni haumpi mwenyeji ruhusa ya kumpekua mfukoni akiwa analala. Pambo liuzwe kama pambo, kwa bei inayoonekana, kwa mtu mzima aliyeamua.

Sasa tunawageukia viongozi wetu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka kodi ya asilimia 2 juu ya mapato ya huduma za kidijitali zinazouzwa nchini na kampuni zisizo na makao hapa, na kwa upande wa Bara huduma hizo zikaingizwa pia katika utaratibu wa kodi ya ongezeko la thamani. Hatuna ugomvi na kodi hizo, kwani mgeni anayevuna katika shamba letu hana budi kuchangia ghala. Lakini serikali inayopokea ushuru wa mnada ndiyo inayopima mizani ya mnada na kumkamata anayeuza ng'ombe mgonjwa. Haiwezekani fedha za soko zitambuliwe na wanunuzi wa soko wasitambuliwe.

Tunapendekeza mambo manne. La kwanza, bei ya kila nyongeza inayouzwa kwa Mtanzania ionyeshwe kwa shilingi, pamoja na kodi yake, badala ya kufichwa nyuma ya almasi na sarafu za kubuni. La pili, pakiti zilizofungwa zisiuzwe kwa watoto. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ilikwisha kuweka mpaka wa miaka 18 katika kamari. Bodi inayoisimamia sheria hiyo ichunguze kama kamari iliyofichwa ndani ya mchezo wa mtoto yastahili mlango ulio wazi. La tatu, Tume ya Ushindani, pamoja na chombo kama hicho cha Zanzibar, ziweke njia nyepesi ya mzazi kurudishiwa fedha zilizotolewa na mtoto bila idhini. La nne, mnunuzi aelezwe kabla ya kulipa kama anachopewa ni mali au ni ruhusa ya muda.

Wazazi nao wasikae wakingoja serikali. Namba ya siri ya simu ni ufunguo wa kasha. Mtoto hapewi ufunguo wa kasha kwa kuwa tu amelia. Na vijana wetu, wa Dirma na wa Wete, tunawaomba wajiulize maswali matatu kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa: Je, mchezo niliokuwa nao umekamilika bila ya kitu hiki? Je, nakiona ninachokinunua? Je, ni siku ngapi za jembe, au za wavu baharini, zimo ndani ya bei yake? Majibu yakiwa mema, na anunue kwa moyo mkunjufu, kwani furaha nayo ni haki ya mtu. Majibu yakiwa mabaya, afunge mkoba.

Mfugaji wa Hanang hana haya ya kuondoka mnadani mikono mitupu. Akikataliwa kumtazama ng'ombe meno, hugeuka akaenda zake, na kesho mnada utakuwepo. Nasi tungependa kuona kila Mtanzania mwenye simu mkononi akiwa na ujasiri huo, na sheria ikiwa imesimama nyuma yake.