Sufuria Moja Yatosha

Wazazi wengi wa Arusha wana kijana aliyepanga chumba karibu na chuo. Fedha ni kidogo, jiko ni moja, naye hushindia chai na maandazi. Hayo hushibisha, lakini hayajengi mwili.

Wajapani wana desturi ya kupika wali pamoja na samaki na mboga katika sufuria moja. Nasi twaweza. Nunua sokoni Kilombero dagaa, karoti, kitunguu na mchicha. Toa vichwa vya dagaa, uwaoshe kwa maji ya moto. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia dagaa na karoti, kisha kikombe 1 cha mchele na vikombe 2 vya maji. Funika. Maji yakikaribia kukauka, weka mchicha juu.

Dagaa huliwa pamoja na mifupa, hivyo hutupatia protini na madini ya chokaa. Mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A ya mboga.

Lakini baridi ya Juni na Julai isimfanye kijana aingize jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua mtu usingizini. Apikie nje. Mwambieni kabla hajaondoka nyumbani.