Shosho Hapati Usingizi: Je, Tumpe Piriton?



Tukizunguka nyumba kwa nyumba hapa Olympic na kule Kawangware, jambo hili tunalikuta mara nyingi. Mzee ameanza kusahau. Anauliza swali moja mara tatu, halafu usiku wa manane anaamka, anahangaika na mlango, ati anakwenda shambani. Nyumba nzima hailali. Jirani naye anashauri: "Mpe Piriton, atalala tu." Ni dawa ya bei ya chini, kila kemisti wako nayo. Lakini ngojeni kidogo.

Ugonjwa wa Alzheimer, ulioelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka wa 1906, huua seli za ubongo pole pole. (Si uchawi, tafadhali.) Seli hizo hupashana habari kwa kemikali, na mojawapo, asetilikolini, ndiyo hutusaidia kukumbuka na kuwa macho. Kwa mgonjwa huwa imepungua sana. Sasa Piriton, ambayo ni dawa ya aleji, huizuia kemikali hiyo hiyo isifanye kazi. Shosho atasinzia, ndiyo, lakini anaweza kuamka amechanganyikiwa zaidi, akaanguka, au akashindwa kukojoa. Kale kadogo alikobakiwa nako tumemnyang'anya. Donepezili, ambayo huandikwa na daktari, hufanya kinyume: huilinda asetilikolini isivunjwe haraka. Haiponyi, husaidia kwa muda.

Na mbona halali? Ugonjwa huharibu pia saa ya mwili, ile inayotenganisha usiku na mchana. Nyumba zetu nyingi za mabati hazina dirisha. Mzee akishinda humo gizani anasinzia sinzia mchana kutwa, basi usiku macho wazi. Mtoeni nje asubuhi akae penye mwangaza, mpeni maharagwe achague, na chai ya majani isipite saa tisa.

Anayemchunga pia ana ubongo. Mwaka wa 2018 huko Marekani watu 20 walikeshwa usiku mmoja tu, na vipimo vikaonyesha amiloidi imeongezeka ubongoni mwao. Hiyo ndiyo taka ambayo huganda katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Usiku mmoja hauleti ugonjwa, lakini binti anayekesha miezi? Kikundi kinaweza kupanga zamu, hata siku mbili kwa wiki, mtu akae na mzee ili binti alale.

Kama tayari anapewa Piriton kila usiku, nendeni naye kliniki mkibeba pakiti za dawa zote anazomeza. Na kama kuchanganyikiwa kumeanza ghafla, kwa siku moja au mbili, msingoje: huenda ni maambukizi, na hayo hutibika.