Nyuso, Kingo na Pembe

Shika tofali la kuchoma, kama yale ya kujengea nyumba huko Kasongo. Lina juu na chini, mbele na nyuma, kuume na kushoto. Hizo ndizo nyuso zake, nazo ni 6. Mahali ambapo nyuso 2 zakutana pana ukingo. Mahali ambapo kingo zakutana pana pembe.

Umbo lililochorwa ubaoni ni rahisi kuhesabu. Pembetatu ina pande 3 na pembe 3. Mraba una pande 4 na pembe 4. Pitisha kidole toka mwanzo hata urudi ulipoanza, kazi imekwisha. Lakini kitu kizima humdanganya mtu, kwa maana jicho haliwezi kuona nyuso zote mara moja.

Tuseme mjane mmoja wa Kabambare ataka kizimba cha kuku chenye umbo la sanduku. Kila ukingo wahitaji kipande kimoja cha mbao. Seremala asiyefikiri asema: «Mama, nyuso ni 6, kila uso una pande 4. Basi 6 mara 4 ni 24. Nunua vipande 24.» Mjane anunua. Kizimba chamalizika, na vipande 12 vyabaki chini! Seremala hakutaka kumwibia, lakini fedha ya mjane imepotea.

Kosa ni nini? Kila ukingo ni mpaka wa nyuso 2, kama kijito kati ya mashamba mawili. Mwenye shamba la huku asema: «Kijito ni mpaka wangu.» Mwenye shamba la ng'ambo asema vilevile. Lakini kijito ni kimoja tu. Ndivyo seremala alivyohesabu kila ukingo mara 2. Gawanya 24 kwa 2, utapata kingo 12.

Sasa hesabu nyumba. Ina sakafu, kuta 4, na paa lenye miteremko 2 lisilozidi kuta: nyuso 7. Kuta 2 zenye ncha juu zina pande 5 kila moja, jumla 10. Nyuso 5 nyingine zina pande 4 kila moja, jumla 20. Zote pamoja ni 30. Nusu yake ni kingo 15. Pembe ni 4 chini, 4 juu ya kuta, na 2 katika ncha za paa: jumla 10.

Utajuaje kwamba hukukosea? Mtaalamu Leonhard Euler, aliyezaliwa mjini Basel, Uswisi, mwaka 1707, aliandika kanuni yake mwaka 1750: jumlisha nyuso na pembe, kisha toa kingo, hubaki 2. Tofali: 6 na 8 ni 14, toa 12, yabaki 2. Nyumba: 7 na 10 ni 17, toa 15, yabaki 2. Kanuni hii yafaa kwa vitu vyenye nyuso bapa, visivyotobolewa katikati. Euler alipofuka katika uzee wake, wala hakuacha kuhesabu. Aliye na macho mazima asione uvivu kuhesabu mara ya pili, hasa akihesabu mali ya maskini.

MASWALI
1. Kwa nini seremala alipata 24?
2. Paa la mnara lina miteremko 4 inayokutana katika ncha moja, na chini yake ni mraba. Hesabu nyuso, kingo na pembe.
3. Jaribu jibu lako kwa kanuni ya Euler.